Kilabu Chako Kinanuka Sabuni

Mama Yeremia,

Salamu za huku nitakupa siku nyingine, maana nikianza na salamu nitalainika, na leo sitaki kulainika. Nina kinyaa, Mama. Tangu Jumamosi hata ugali siutaki. Wewe ndiye uliyenifundisha kupika pombe, na kilabu ni chako, basi acha nikumwagie wewe yote.

Ulipotuacha, mwanao Yeremia alikuja kutoka Kigoma mjini na mke wake, watoto, sanduku la bati na redio. Unajua alivyookoka. Ulikuwa ukicheka, ukisema, "Mwanangu kaikimbia pombe iliyomsomesha." Basi baada ya matanga tukadhani atakifunga kilabu, na wengine tukaanza kulia upya. Hakukifunga. Alisema mali ya mama haitupwi, mimi niendelee kupika na yeye atasimamia. Nilifurahi, mjinga mimi!

Nakikumbuka kile chumba kilivyokuwa mikononi mwako. Chumba kimoja tu cha udongo pale kijito kinapokata barabara ya Kibondo, mabenchi mawili yanatazamana, magoti ya watu yanagusana, mtu mmoja akipiga chafya benchi zima linatikisika. Nilifika hapo nimevuka mpaka kutoka Burundi na kanga moja mwilini, simjui mtu, ukanisogezea kigoda kabla hujaniuliza jina. Kibuyu cha pombe ya ndizi upande huu, cha mtama upande ule. Na Mwalimu Bakari wa Tanga, ambaye dini yake haimruhusu, ulimwekea maji ya ndizi ya asubuhi kabla hayajachacha. "Kwetu tuna bahari," alikuwa akisema, "lakini hatuna Mama Yeremia." Wewe ukijifanya hujasikia, halafu unamjazia tena.

Sasa sikia. Wiki iliyopita nilikwenda Titye kumwuguza wifi yangu. Narudi, nakuta ule mtumbwi wetu wa kukandia ndizi umeanikwa juani, mweupe kama mfupa. Ule mti, Mama! Ulikuwa mweusi kwa utomvu wa miaka yote, unanukia pombe hata ukiwa mtupu. Yeremia ameusugua kwa sabuni ya unga na brashi ya viatu. Brashi ya viatu! Akaniambia kifua mbele, "Dada Veronika, ule uchafu ulikuwa unatia aibu. Sasa hata bwana afya akija, tuko salama."

Nilimwambia. Nilimwambia kwamba hicho anachokiita uchafu ndicho kilichokuwa kikichachusha pombe yetu, na kwamba wewe uliusuuza mtumbwi kwa maji ya kijito na kuufuta kwa majani ya mgomba, basi. Akatabasamu lile tabasamu la waliookoka la kumhurumia mtu, akasema usafi ni sehemu ya imani. Tena hakunisubiri. Yeye na mkewe walikuwa wameshakanda ndizi mumo humo, wakatia unga wa mtama wakafunika. Nilipofunua nikakuta povu, na halikuwa povu la pombe. Lilikuwa povu la kufulia shuka. Nikamwambia amwage. Akasema ndizi hazimwagwi, watu watazoea.

Jumamosi watu wakaja kama kawaida yao, wamefurahi kwamba mlango umefunguliwa tena, mara ya kwanza tangu matanga. Yeremia akamwekea Mzee Stefano, mkubwa wa wanywaji wetu, kibuyu, akatia mrija, akarudi nyuma. Mzee akangoja. Unajua alichokuwa anangoja. Hapa kwetu anayetoa pombe huvuta yeye kwanza, ili mgeni ajue hakuna sumu. Wewe ulivuta kila siku, hata mwezi ule wa mwisho ambapo tumbo lilikuwa halipokei kitu, ulilowesha midomo.

"Mimi sinywi, mzee," Yeremia akasema. "Nimeokoka."

"Sikuambii ulewe, mwanangu. Nakuambia uonje."

Yeremia akanigeukia. "Dada Veronika ataonja kwa niaba yangu." Akasema hivyo kama mtu anayekutuma umfulie soksi. Kisha akageukia ukutani, akafumba macho, midomo inacheza kwa maombi, na kopo la hela amelibana kwapani. Mama, pale ndipo kinyaa kiliponipanda. Roho yake isiguse pombe, ila kopo liguse. Na katikati ya roho yake na kopo lake niwekwe mimi.

Nilijua ninachoombwa. Nikimeza, watakunywa, kwa sababu wananiamini, wanajua mkono wangu ulitoka kwako. Nisipomeza, kilabu kimekufa, na watoto wa Yeremia wanakula kutoka humo. Nikavuta. Sabuni, Mama. Sabuni tupu, na nyuma yake utamu kidogo wa ndizi zilizoharibiwa bure. Ningeweza kumeza. Nimewahi kumeza mabaya zaidi njiani kutoka kwetu. Lakini nilimwona Mzee Stefano ananitazama kinywani kama mtoto anayengoja kulishwa, nikatema. Nikatema chini, katikati ya mabenchi, mbele ya wote.

Huhitaji kuambiwa maana yake. Mzee Stefano alisimama, akavaa kofia yake, akatoka bila kuaga. Wengine wakamfuata. Mwalimu Bakari naye akaweka kikombe chini, ingawa maji yake ya ndizi nilikuwa nimemkamulia mwenyewe nyumbani, kwenye sufuria. Tangu siku hiyo hakuna aliyeingia.

Ungedhani yameisha. Hayajaisha. Sasa kisimani wananong'ona kwamba Yeremia alitia sumu, na juzi nimesikia mmoja akiuliza, eti na mama yake je, alikufa kwa nini? Watu uliowakaribisha wewe! Watu waliokunywa kwako kwa ahadi ya kulipa baada ya mavuno! Nimesimama pale na ndoo yangu nikawaambia ni sabuni, ni sabuni, ni ujinga wa sabuni tu. Wanaitikia kwa kichwa, wananipisha nichote, nikigeuka wanaendelea. Hilo limenichefua kuliko kile nilichokitema.

Sijutii kutema. Nataka ulijue hilo kutoka kwangu, usilisikie kwa wengine wanaokuja huko. Kilabu chako nimekifunga mimi, kwa kinywa changu, kwa sababu kilikuwa hakifanani nawe tena.

Mkewe Yeremia anapita barabarani peke yake, hakuna anayemwamkia. Watoto wana njaa. Wamekuja kwangu mchana wa leo wakakaa jikoni, nikawapakulia maharage, yule mdogo akalala na kijiko mkononi. Ana paji la uso lako.

Basi pumzika, Mama. Nakuahidi watoto hawa watakula kwangu mpaka baba yao apate kazi nyingine. Nakuahidi pia kwamba atakayesema mwanao alikuua atakutana na mimi kabla hajamaliza kusema. Ila yeye mwenyewe usiniombe nimpende. Nitamtetea hivyo hivyo, huku nimekunja uso.

Mimi uliyenipokea,
Veronika