Ngozi ya Askari Uliyoiacha Majini

Baba,

Shikamoo. Nimezoea kusubiri marahaba yako kabla ya kusema la kwangu, kwa hiyo nimekaa kidogo na kalamu hewani. Haya, naendelea.

Nikwambie ukweli, nakuandikia nikiwa na hasira. Umeondoka umeacha ngozi ya Askari ndani ya pipa la bluu, haijaiva, na hukumwambia mtu imebaki kazi gani. Tulipomaliza kukuzika na wageni wakatawanyika, mama aliuliza jambo moja tu: "Ngozi yangu imefikia wapi?" Akawa anauliza kila asubuhi. Ulimwahidi kwamba Askari, yule maksai aliyelima shamba letu mpaka akavunjika mguu korongoni, hataliwa akaisha hivihivi, ngozi yake ataitandika kitandani. Mama hakulia msibani, baba. Watu walimshangaa. Mimi nilijua anaisubiri ile ngozi.

Nikafunua pipa. Maji yalikuwa yamepauka. Nikakata kipande kidogo shingoni, penye unene, kama ulivyonifundisha. Katikati ya ukingo kulikuwa na mstari mweupe. Maji ya magome yako ya kuivishia ngozi yalikuwa yameingia kutoka pande zote mbili yakaishia njiani, na pale peupe palikuwa bado ngozi mbichi, inayoweza kuoza wakati wowote. Yalihitajika magome mapya, tena haraka.

Nikateremka njia ya Yaeda Chini mpaka kwenye mgunga wako. Unakumbuka ulivyokuwa ukibandua ukanda mwembamba wa gome, upande mmoja tu, kisha unaupigapiga mti kama ng'ombe aliyemaliza kukamuliwa? Kuna mtu ameumenya mzunguko mzima. Majani yote yamekauka. Nilikaa chini nikalia, sikulia vile hata kaburini kwako. Migunga mingine ya pale ni michanga, nami ningeibandua ningekuwa sina tofauti na huyo mtu. Lakini chini ya mti matunda makavu yalikuwa yametapakaa, mbegu zikicheza ndani. Nikajaza gunia, nikaongeza magome kidogo kutoka kwenye tawi lililoanguka.

Najua ungesema nini. "Matunda ni ya mbuzi." Wewe ulipima kwa ulimi: unatafuna gome, unakunja uso, unasema linafaa. Mimi ulimi wangu haujafika huko. Ninachojua ni maabara ya shule ninayofanyia kazi Katesh, ile uliyoiita jiko lisilopika. Ule ukakasi unaokukunja uso ndio tanini, na ndiyo inayoivisha ngozi. Basi nikatwanga magome, nikatwanga matunda, nikaloweka kwa uzito sawa na maji sawa. Kisha nikadondoshea kila chupa jelatini yenye chumvi, kwa sababu jelatini inatokana na ngozi na tanini huikamata vilevile. Chupa zote mbili zikachafuka. Nikasubiri mashapo yatulie. Ya matunda yalikuwa mengi kuliko ya magome, yaani tanini yake ni nyingi zaidi. Sikuamini, nikarudia, yakawa vilevile.

Lakini chupa ni chupa. Ndani ya pipa kulikuwa na kazi ya mwisho ya mikono yako, na sikuwa na ngozi nyingine ya kujaribia. Nilimimina yale maji ya matunda. Hazikupita siku nyingi yakaanza kutoa povu, na harufu ya uchachu ikafika mpaka jikoni. Kaka akasema imeoza, tuifukie kabla mama hajajua. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Nikasema hakuna mtu kugusa pipa. Nadhani nilisema kwa sauti yako, maana kaka alirudi nyuma.

Moyoni sikuwa na uhakika hata kidogo. Pua yangu ilishindwa kutofautisha uchachu na uozo. Kila nilipopita pale nilibana ukingo kwa kucha kuona kama unalegea. Niliogopa, baba. Nikikosea, mama angekupoteza mara ya pili, na safari hii kwa mkono wangu.

Leo tumeitoa. Mama alishika ngozi, mimi nikashika kisu, nikakata shingoni tena. Mstari mweupe haupo.

Nikaugeuza ukingo juani. Pande mbili za nje ni nyekundu, ule wekundu wa magome yako. Katikati, pale palipokuwa peupe, pana rangi ya chai ya maziwa. Ndiyo ya matunda. Mama akapitisha kidole taratibu kutoka ukingoni, akafika pale rangi inapobadilika, akasimamisha kidole. "Baba yako aliishia hapa," akasema. Ndipo akalia.

Sikumnyamazisha. Tumeitandaza kivulini, na kaka ndiye anayewafukuza mbwa.

Kabla ya kutwanga matunda nilibakiza mbegu za mgunga wako. Nakuahidi nitazipanda mvua zikianza, na hakuna mti nitakaouzungushia kisu, hata nikiwa na haraka kama ile. Matunda mengine nitawaachia mbuzi, usiniandame.

Ngozi ikikauka, mama atalala. Nawe lala sasa, baba. Kwaheri.

Mwanao,
Paskalina