Sentensi Niliyoiruka

Jumapili, Novemba 1975

Niliiruka kwa makusudi, nisijidanganye hapa.

Leo kasisi Mswidi alikuja kuhubiri kwenye ibada yetu ya Kiswahili hapa Uswidi, nami kama kawaida nikasimama kando yake kutafsiri. Katikati ya mahubiri akasema kanisa limewaumiza wanaume wanaopenda wanaume, na linapaswa kuwaomba radhi. Akanyamaza kunisubiri.

Mimi ni mmoja wao, na hakuna anayejua. Niliogopa sauti yangu ingenisaliti. Nikasema, "Mungu anatupenda sote." Wakaitikia amina kwa nguvu. Sijawahi kuwa mpweke kama wakati wa amina ile.

Kwenye treni ya kwenda Tumba nilikaa na Mama Petro. Anafanya usafi hospitalini mwaka wa saba sasa, na Kiswidi anakisikia vizuri. Mumewe, ambaye hakijui, alikuwa amesinzia kiti cha mbele.

"Mbona hukuyasema yote?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Yapi, mama?"

"Usinifanye mtoto. Yale ya kuomba radhi."

Nikasema sikusikia vizuri. Akageukia dirishani mpaka tulipokaribia kituo.

"Petro wetu, baba yake alimfukuza kwa jambo hilo hilo. Nilitaka huyu baba yake ayasikie kanisani, kwa Kiswahili."

Kisha akamwamsha mumewe, akamfunga skafu vizuri shingoni, wakashuka.

Nami nikabaki nimekaa, sikumwambia hata kwamba mimi pia ni kama Petro.

Ningemwambia, leo tungekuwa wawili tunaojua.