Kabla Shangazi Hajazinyoa Singa Zangu

Buyenzi, Bujumbura
Jumatano, mwezi wa Ramadhani

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama, na shikamoo nyingine umpelekee bibi hapo alipokaa na goti lake. Natumaini barua hii inawakuta wazima na funga inakwenda vizuri. Je, goti limesikia ile dawa ya kuchua? Shabani ameacha kulala na ndala miguuni? Mimi mwili wangu ni mzima, nafunga, nasali, nakula futari. Ila kichwa changu, mama, ndicho kinachonifanya nikuandikie. Kwenye simu ya shangazi siwezi kusema, maana yeye hukaa ubavuni kwangu, na unanijua, nikisikilizwa ulimi unakauka.

Mama, nywele zangu zinakatika, na shangazi amesema siku moja kabla ya Idi atazinyoa zote kwa mashine.

Nianze mwanzo unielewe. Unakumbuka kila Jumapili ulikuwa unanikalisha kwenye kigoda unaninyoa, kwa sababu ya mwalimu wa zamu aliyetupitishia vidole kichwani tukiwa mstarini. Miaka yote ile sikujua nywele zangu zikoje, nilikijua kipara changu tu. Tangu nimalize kidato cha nne hazijaguswa na wembe. Zilipofika masikioni sikuona zikijikunja kama zako. Zilishuka chini. Sasa zimefika shingoni, nyeusi, zimenyooka, na nikiinama zinanifunika uso. Usinicheke, mama, lakini nilizipenda. Mteja hapa saluni kwa shangazi akinitazama sana naziacha zianguke mbele, nakuwa kama niko nyuma ya pazia.

Hapa saluni wanaziita singa. Siku moja shangazi alizishika akasema, "Labda ni za bibi yako, mama ya baba yako. Yule alikuwa mutoto ya Mwarabu wa duka." Yeye na baba ni baba mmoja, mama mbalimbali, kwa hiyo zake ni kipilipili kama zako na za bibi. Maneno yale niliyaweka moyoni. Baba alifariki sijaanza kutembea, na nyumbani hatuna hata picha yake. Nikasema basi, kumbe nina kitu chake, nimekibeba kichwani.

Ndipo nilipoziharibu kwa kuzipenda. Nilizitunza kama ulivyonifundisha kuzitunza za bibi, na kama tunavyowatunza wateja. Kila asubuhi mafuta ya nazi utosini mpaka ngozi ing'ae. Kisha nasuka mistari ya twende kilioni. Lakini singa hazishiki, mama, ukimaliza mstari wa tatu, wa kwanza umeshafumuka. Nikawa navuta zaidi. Zikiteleza nafunga ncha kwa mpira. Shangazi naye alivuta, akasema kichwa laini kinataka mkono mgumu. Kuosha ni baada ya wiki mbili, tena nilichana zikiwa zimelowa kwa kitana chenye meno membamba. Saluni iko katikati ya magaraji, vumbi la mtaa lote lilinata kwenye yale mafuta. Kichwa kikaanza kunuka na kuwasha. Halafu asubuhi moja nikaona nywele kwenye mto. Sasa hapa kwenye panja pote pawili pako wazi, panang'aa kama kisigino.

Wateja wameona. Wiki iliyopita mama mmoja nilikuwa namsuka, akanitazama kwenye kioo.

"Sha, we mutoto, unasuka watu na zako zinakimbia?"

Mwenzake akadakia, "Zinakimbia kelele ya garaji!"

Wakacheka wote. Nikacheka na mimi, nikakosea mstari. Walipoondoka shangazi aliniambia, "Mushonaji wa kuvaa matambara, nani atamupa kitambaa? Mi nakupenda, Rehema, lakini watu wanasema saluni yangu iko na ugonjwa. Tunanyoa. Ikiota tena, tutaona."

Yuko mteja mmoja, Bi Nasra, mke wa mwenye duka la vipuri hapa jirani. Nywele zake ni singa. Aliniona nimejificha nyuma ya pazia la saluni nikiokota zilizoanguka, akaniambia, "Leta hapa moja." Akaisugua katikati ya vidole viwili karibu na sikio, kama mtu anayesikiliza saa.

"Yangu iko nyembamba kama ya buibui, ukishika huisikii," akasema. "Ya mama mkwe wangu iko kama uzi wa ndoana. Yako iko katikati, inasikika kidogo. Haina ugonjwa hii. Ugonjwa iko mikononi yenu."

Akanieleza akicheka kwamba kwenye kipilipili mafuta yanashuka polepole, yanazunguka kila kona, lakini kwenye singa yanateleza kama mtoto kwenye matope: asubuhi utosini, mchana yako shingoni. Akasema nioshe mara mbili kwa wiki, sabuni iguse ngozi tu, ncha zitosheke na povu linaloshuka. Mafuta tone moja, kwenye ncha peke yake. Nisichane zikiwa zimelowa, maana hapo zinavutika kama mpira halafu zinakatika. Zikaribie kukauka, nianzie chini kwa chanuo pana, nipande juu kidogo kidogo. Na nisisuke mistari. Mkia mmoja uliolegea, nifunge kwa kitambaa.

Nimefanya hivyo, mama. Lakini bomba hapa linakaa siku nyingi bila maji, tunayachota mbali kwa bidoni, yaani madumu. Nilipomwomba shangazi maji ya kuosha mara mbili alishika kiuno. "Bidoni mbili kwa kichwa kimoja? Wateja nitawaosha na mate?" Kwa hiyo natumia maji yangu ya kuogea kuosha nywele, mwili naupangusa kwa kitambaa kilicholowa. Jana nilipapasa panja nikasikia vinywele vidogo, laini kama vya mtoto mchanga. Nimelia, mama. Vipo. Lakini vifupi sana, ukisimama mbali huvioni, na Idi haisubiri nywele.

Jana hiyo hiyo baada ya futari nilijikaza nikasema. Sijui nguvu niliitoa wapi. Nilisema, "Shangazi, hizi ni za baba."

Aliacha kukunja taulo. "Nani alikuambia?"

"Wewe."

"Apana. Mi nilisema labda. Kaka yangu alinyoa upara tangu mutoto mpaka anatoka hapa. Mama yake alikuwa na mtandio siku zote. Mi sijaona nywele yake hata moja." Akaliweka taulo kando, akasema, "Muulize mama yako. Akisema ni za kaka yangu, mashine naiweka chini, nakufunga kitambaa kizuri, na wateja wafunge mdomo. Kama si zake, ni nywele tu, Rehema. Nywele inaota."

Akanisogezea simu pale pale. Nikakataa. Usikasirike, mama. Niliogopa ungesema ndiyo kwa kunihurumia, bila kuziona, na mimi nisingejua kama ni kweli. Wewe peke yako unaweza kujua. Ulimuuguza baba mpaka mwisho, na uliniambia alikataa wembe miezi ile yote kwa sababu kichwa kilimuuma. Basi uliziona zikiota. Ulimfuta jasho, ulizishika.

Barua hii analeta mjomba Hamisi, dereva wa lori, anaondoka kesho. Ndani nimeweka shada dogo la nywele zangu lililofungwa kwa uzi mweupe. Najua ulinifundisha nywele za mtu hazitembezwi, zinafukiwa. Nisamehe. Zioshe kwanza, kisha uzisugue vidoleni karibu na sikio, ufumbe macho, umkumbuke. Halafu piga simu kwa shangazi kabla ya Idi. Huna haja ya kusema mengi, sema ndiyo au hapana, mimi nitakuwa nimekaa ubavuni kwake. Na kama ni hapana sema hapana, mama. Nitavua mtandio na kuinama mwenyewe.

Nisalimie bibi, mwambie nikirudi nitamchua goti mimi. Msalimie Shabani, binamu yangu mtundu, na mama mdogo Zainabu wa jirani aliyenishonea gauni la safari. Shangazi naye anakusalimu, ingawa hajui nimeandika haya.

Shada hilo usilifukie mpaka umelisikiliza.

Mimi mwanao anayekungoja kwenye simu,
Rehema