Feni ya Chuma Mlangoni Petu

Jamhuri Estate,
Nairobi.
14 Machi 2025

Mpendwa Anti Millicent,

Pokea salamu zetu. Baridi ya huko Leeds imepungua? Na goti lako je, bado linakusumbua ukipanda ngazi? Sisi tu wazima, ila mvua imeanza na matope hayatuachi.

Nakuandikia kwa karatasi, Kasyoka akuletee anaporudi huko, kwa sababu kwa simu ningelia tu usielewe neno.

Unajua mume wangu Lazarus anavyopenda magari. Siku hizi anauza vipuri pale Dagoretti Corner, na marafiki zake ni mafundi wa gereji ya jirani. Mazungumzo yao ni turbo tu, kile kidude cha kuisukumia injini hewa ili gari liwe na nguvu. Wanataniana nani ataweka kubwa zaidi. Basi Jumamosi wakapata feni ya kompresa kutoka kiwanda kilichobomolewa, chuma kitupu, pana kama meza. Wanaume wanne waliipandisha hadi kwetu ghorofa ya tatu, maana chini wangeiiba wauza vyuma. Wakaisimamisha koridoni, mkabala na mlango wetu.

"Tukifunga hii," fundi Maxwell akasema akihema, "unakanyaga mafuta hapa Corner, hadi ianze kuzunguka nguvu ije, uko Naivasha!"

"Itavuta hewa yote ya Jamhuri," Lazarus akajibu. "Majirani watapumua nini?"

Walicheka hadi wakakaa chini. Niliwapikia chai. Nikamwambia Lazarus kile kitu kitaanguka, akasema mimi sipendi raha.

Jumanne nilikuwa na intavyu Upper Hill, kazi ya mapokezi katika kliniki moja. Tangu duka la dawa nilikofanya kazi lifungwe nimekaa nyumbani, Anti, hata nauli naomba. Lazarus alitoka mapema, akaubamiza mlango. Alipokwisha kushuka ngazi nikasikia kitu kikikwaruza ukuta, kisha kishindo. Nilipomaliza kuvaa na kusukuma mlango, haukusonga. Feni ilikuwa imeteleza ikajibana kati ya mlango na ukuta wa pili. Milango yetu ya chuma hufunguka kwa nje, na madirisha yote yana grili.

Nilisukuma kwa bega hadi likauma. Nikampigia Lazarus. Alicheka, akaweka simu kwa spika, nikawasikia wenzake nao wakicheka.

"Turbo imekufunga jela? Tulia, jioni tutakuja na Maxwell tuitoe."

"Leo ni intavyu yangu."

"Kumbe ni leo?"

Nilikuwa nimemwambia asubuhi hiyo hiyo nikipiga pasi blauzi.

Ndipo nikasikia harufu. Maharagwe niliyoinjika yalikuwa yanaungua. Nilizima gesi, nikasimama hapo jikoni nikitazama zile grili. Nikaanza kupiga mlango kwa sufuria na kuita. Jirani yangu Mwihaki akatoka, akajaribu kuivuta feni, akashindwa, akakimbia kumleta Nashon, fundi wa kuchomea vyuma.

"Mama," Nashon akauliza kutoka nje, "nikate mlango ama nikate hii feni?"

Lazarus alikuwa amenipigia tena, akalisikia swali hilo, na sasa hakuwa anacheka. "Caren, feni usiguse! Hatutapata ingine kama hiyo!"

Nikakata simu. Nikamwambia Nashon, "Kata feni."

Cheche ziliingia chini ya mlango. Nilitoka nikipita juu ya vipande, nikafika Upper Hill na vumbi la chuma kwenye kola. Mama aliyenipokea pale kliniki alikuwa mpole sana. Walikuwa wameshamchukua mwingine.

Niliporudi, Lazarus na Maxwell walikuwa koridoni. Maxwell akasema sasa feni inatosha kagari kadogo kama Vitz. Hakuna aliyecheka.

"Gesi ilikuwa inawaka, Lazarus," nilisema.

Alimwambia Maxwell aende nyumbani. Kisha alikaa kitandani bila kuvua viatu, akaniomba msamaha, na naamini aliomba kwa moyo. Vipande viliuzwa kesho yake.

Lakini kisa kimefika hadi kanisani. Kila ninayemweleza anaangua kicheko kabla sijafika kwenye kliniki. Mwihaki naye hucheka, na yeye alikuwepo. Hata mimi naona mahali pa kuchekea, Anti. Lakini nikicheka nao, ni kama nimerudi mle ndani na mlango umejibana.

Nisalimie Baba Obuya na mwambie Jacklyne namkumbuka. Mungu awafungulie njia kila muamkapo na awalaze salama.

Wewe ndiye wa kwanza kukisikia kisa hiki hadi mwisho. Ukinipigia simu, tafadhali usicheke kwanza. Niulize kuhusu kazi.

Mimi mwanao akupendaye siku zote,
Caren