Wifi ananipaka mafuta ya mbegu, nami nimeona anachochanganya

Mshauri wangu, ukurasa huu nimeusoma tangu sijaolewa na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitakuwa upande wa wanaouliza, lakini naomba unisaidie, kwa sababu nimefika mahali ambapo kila ninayepaswa kumwambia ndiye nisiyeweza kumwambia.

Nafanya kazi katika duka la miwani. Kazi yangu ni kumkalisha mteja, kumvisha fremu, kumsogelea karibu kabisa nione kama imekaa sawa juu ya masikio, na kuta zote za duka ni vioo, kwa hiyo uso wangu nauona kutwa nzima hata nisipotaka, na wateja nao wanauona kwa karibu kuliko mume wangu. Nilipokaribia miaka arobaini yakaanza mabaka mashavuni na mistari pembeni mwa macho, nikaanza kupaka krimu ya retinoli, ile ya tyubu yenye kifuniko cha rangi ya chungwa, nikavumilia siku za mwanzo ngozi ilipokuwa inamenyeka, na kweli uso ukatulia, watu wakawa wananisifu.

Halafu nikashika mimba. Mshauri, hii ni siri. Iliyotangulia ilitoka wakati tumeshaitangazia familia nzima, mume wangu ameshapaka rangi chumba cha mtoto, na baada ya hapo alikaa muda mrefu akipita mbele ya ule mlango kama vile haupo. Safari hii nikajiapiza kwamba sitamwambia mtu yeyote, hata yeye, mpaka tumbo liseme lenyewe. Nikaenda kliniki peke yangu, muuguzi akaniuliza dawa ninazotumia, nikamtajia na krimu ya uso, akaniambia niache retinoli siku hiyohiyo hata kama ni ya kupaka tu, maana wajawazito hawashauriwi kuitumia. Nikaacha. Ila mabaka yakarudi, na mimba yenyewe ikaniongezea mengine.

Sasa wifi yangu. Ni dada mkubwa wa mume wangu, ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, na tunaishi nyumba moja, yeye upande wa mbele, sisi nyuma. Mtaani wanamwita Mama Vichupa kwa sababu anatengeneza mafuta ya uso jikoni kwake na kuyauza katika vichupa vyeusi. Nilikuwa nimesikia kwamba kuna kiini cha mbegu fulani kinachoitwa bakuchioli, watu wanakipaka badala ya retinoli kwa kuwa ni kipole, nikamuuliza kama anakijua. Akasema, "Wifi, hayo ndiyo ninayouza kila siku. Mbegu tupu. Hata mtoto mchanga unampaka." Sikumwambia kwa nini nayataka. Nilisema tu ngozi imechoka na madawa.

Nikaanza kupaka, na haikupita wiki uso ukaanza kumenyeka, kumenyeka kulekule ninakokujua, kuanzia pembeni mwa pua, na nikitembea juani mashavu yanawaka kama nimepigwa kofi. Mteja mmoja niliyekuwa namrekebishia fremu akanitazama akasema, "Dada, umeungua na mvuke?" Nikacheka. Nilimwambia wifi, akasema ngozi inatoa uchafu, nisiogope.

Jumapili mchana nikaenda jikoni kwake kurudisha sufuria. Yeye alikuwa mlangoni anaongea na mteja. Juu ya meza kulikuwa na bakuli la mafuta yaliyobadilika rangi, yamekuwa meupe mazito kama maji ya mchele, na pembeni tyubu zilizominywa mpaka zimekuwa bapa, zimekatwa kwa mkasi ili hata mabaki ya ndani yachotwe. Zina vifuniko vya rangi ya chungwa. Ni krimu yangu ileile, mshauri, ile niliyokatazwa. Wifi akaingia, nikamuuliza, "Hizi za nani?" Akazifagia kwa mkono zikaangukia kwenye ndoo ya taka. "Za mteja mmoja, ameniomba nimtupie." Halafu akanishika kidevu, akanigeuza uso kwenye mwanga wa dirisha, akasema, "Leo hujapaka wewe. Kaa hapo nikupake." Akachovya vidole kwenye bakuli lilelile.

Na mimi nikakaa. Ndicho kinachonikosesha raha. Nilijua ninachopakwa, mkono wangu mmoja uko tumboni chini ya meza, na nikakaa kimya nikapakwa mpaka shingoni, kwa sababu ningekataa angeuliza kwa nini, na ningejibu kwa nini ningekuwa nimesema mimba. Nilipotoka nilinawa uso kwa sabuni mpaka ukavimba.

Tangu hapo sipaki, namdanganya kwamba napaka. Mume wangu nikimwambia, itabidi nimwambie na mimba, na itabidi achague kati yangu na mwanamke aliyemlea. Nisipomwambia naogopa nimeshamdhuru mtoto. Na kuna msusi mwenye saluni jirani na duka letu, tumbo lake limeshatoka mbele kila mtu analiona, naye ananunua kwa wifi, kichupa chake nimekiona juu ya kioo. Kila asubuhi ananisalimia na kila asubuhi najiambia leo nitamwambia, halafu napita. Nifanye nini? Namba yangu ya simu nimeiandika hapo chini, ila tafadhali usipige jioni, mume wangu anakuwepo.

Ni mimi, muuza miwani.

*

Muuza miwani, nilipiga mchana, na sikungoja zamu ya barua yako kuchapwa. Gazeti hili linatoka mara moja kwa wiki, na wewe ulikuwa umekaa na mimba, kichupa na hofu ukisubiri foleni ya barua. Hilo ndilo kosa lako la kwanza, nakupa pole na nakugombeza papo hapo. Mtu mwenye shaka na kitu alichopakwa akiwa mjamzito hamwandikii mshauri wa gazeti. Anarudi kwa yule muuguzi. Alikuuliza vizuri mara ya kwanza, angekuuliza vizuri mara ya pili.

Wasomaji wajue kilichofuata, kwa ruhusa yako. Nilikuambia ubebe kichupa na tyubu ya zamani uende navyo kliniki, na uende na mume wako. Ulilia, ukasema siwezi. Nikakuuliza mlango wa kile chumba alikuwa anaupita peke yake au mlikuwa mnaupita wote wawili. Ukakata simu, nikadhani nimekupoteza.

Ulinipigia mwenyewe baada ya siku chache. Ulimwambia mume wako kwenye ngazi za nyumba, amerudi kazini, viatu bado miguuni. Akakaa palepale kwenye ngazi. Kitu cha kwanza alichosema hakikuwa juu ya dada yake wala mafuta. Alisema, "Kwa hiyo umekuwa ukienda kliniki peke yako?" Mama, wewe ulikuwa unamkinga na huzuni, kumbe ulimnyima zamu yake ya kuogopa pamoja nawe. Usirudie.

Kliniki mkaenda wote. Daktari alikueleza kwamba kinachopenya ngozini kutoka kwenye krimu kwa kawaida ni kidogo, kwamba si sawa na vidonge vya jamii hiyo, ambavyo ndivyo vinavyojulikana kudhuru mimba, na kwamba kuacha kabisa ndiyo njia salama. Wakakupima kwa altrasaundi, moyo wa mtoto mkausikia. Uliniuliza kama hiyo maana yake ni kwamba hakuna kitakachotokea. Sitakudanganya ili ulale vizuri. Hakuna aliyekuahidi hivyo, wala mwenye mimba yoyote hajawahi kuahidiwa. Hudhuria kliniki kila ukiitwa na uulize maswali yako yote, hata unayoyaona ya kijinga.

Sasa wifi. Mlimkalisha sebuleni, mume wako akaweka kichupa mezani akamwambia, "Dada, tuambie kilichomo." Alianza na mteja aliyeomba atupiwe tyubu, akaishia kusema ukweli: mafuta ya mbegu yanafanya kazi polepole, wateja hawana subira, wakiona uso haujabadilika wanahama, akaona aongeze krimu kidogo ili waone kitu. Halafu akakugeukia, machozi yakimtoka, akasema, "Ungeniambia una mimba, mimi ningekupaka? Unanionaje?" Na wewe, unaniambia, ukajiona mwenye hatia.

Jibu ninalo. Hakupaswa kuambiwa kwamba una mimba ndipo aseme ukweli wa kichupa chake. Umri wako, tumbo lako na sababu zako ni vyako. Kilichomo ndani ya mafuta ni haki ya kila anayepaka. Naamini anakupenda, na naamini angetoa hata mkono wake kwa ajili yako, lakini mapenzi yake hayakumzuia kukudanganya ukiwa umekaa mbele yake unamenyeka.

Na msusi. Ulimwambia siku iliyofuata, ndani ya saluni, anasuka kichwa cha mtu. Alikiondoa kichupa juu ya kioo akakupa bila kelele, kisha akauliza, "Umejua lini?" Ukamwambia Jumapili. Ile ya wiki iliyopita. Akarudi kwenye nywele za mteja. Unaniuliza ufanye nini ili muwe kama zamani. Hakuna cha kufanya. Mpeleke kliniki akikubali, msalimie kila asubuhi hata asipoitikia, na usimwambie kwamba ulikuwa na sababu. Alikuwa na sababu ya kuambiwa kubwa kuliko yako ya kunyamaza, nayo ilikuwa inaonekana mpaka barabarani.

Yaliyobaki ni haya, na si ya kujadiliana. Wifi yako azunguke kwa wateja wake wote, yeye mwenyewe, si kwa ujumbe wa simu, avikusanye vichupa na aseme kilichomo. Mume wako aende naye, maana akienda peke yake atapunguza maneno njiani. Akitaka kuendelea na mafuta ya mbegu, anunue kiini kilichosafishwa, kwa sababu mafuta ghafi ya mbegu hizo yenyewe yanaweza kuifanya ngozi iungue juani, na huenda sehemu ya ule moto wa mashavuni ulitoka huko. Mmea si malaika, mama. Na wewe, hata hiyo bakuchioli safi iache kwa sasa, kwani haijachunguzwa vya kutosha kwa wajawazito. Paka mafuta mepesi yasiyo na harufu, vaa kofia, paka krimu ya kukinga jua aliyokushauri muuguzi, na mabaka uyaache yakae. Mengi hufifia baada ya kujifungua, na yasipofifia utayashughulikia wakati huo.

Mume wako anataka mhame na asiongee tena na dada yake. Mwambie mimi nasema hapana. Mtoto atahitaji shangazi, na shangazi huyu anajua kulea, ushahidi ni huyo mume uliyenaye. Muendelee kula naye na kucheka naye. Siku akija na kichupa kingine, muulize kilichomo, mbele ya watu. Akikujibu vizuri, mshukuru. Halafu usipake.