Kufuta Jina la Mfalme

Mwambie dada yangu Ninkala wa Lagashi kwamba kaka yake Urnigar anamsalimu kutoka Girsu.

Sisi wazima. Vitunguu vimekubali, mama analalamikia magoti, na pombe ya shayiri ya jirani imechacha ila watu wanainywa hivyo hivyo.

Mfalme mpya anataka sanamu ya yule aliyekufa ifutwe jina, liandikwe lake. Lakini pale chini, unakumbuka, kuna laana aliyoitunga baba: atakayefuta jina hili, uzao wake ukatike, na atakayeiogopa laana akamtuma mwingine, naye vilevile. Baba aliwajua watu.

Mkuu wa waandishi akatuuliza nani atashika tindo. Ungecheka. Watu waliozeeka na kalamu za matete mkononi ghafla hawajui kusoma. Lubaba akasema, "Mimi, mkuu, nasoma hesabu za kondoo tu."

"Basi tutafute mchonga mawe asiyesoma kweli," mkuu akasema. "Asiyejua laana haimpati. Yupo Luduga, kule Lagashi."

Luduga wako, dada. Baba wa wanao wanne.

Nikasema shemeji ana homa, nikaomba tindo mimi. Kazi iliisha jana. Viganja vimetoka malengelenge, basi. Shemeji akiulizwa, alikuwa na homa.

Usinililie. Miaka yote mmenihurumia kwa kukosa mtoto. Sasa laana ikija kwangu kutafuta uzao, itakuta nyumba tupu.