Samaki Walikufa Agosti, Baba Bado Anawaulizia

Mpendwa Mama Khalayi,

Naomba unisaidie, na uniwie radhi kwa mwandiko huu. Naandika nikiwa nimesimama kando ya kabati, kwa sababu kila nikikaa nainuka tena kwenda kutazama maji ambayo hayana kitu cha kutazamwa.

Nina miaka ishirini na tatu. Nilimaliza kidato cha sita nikafaulu kemia na baiolojia, na sasa ni msaidizi wa maabara katika shule moja ya wasichana hapa Eastlands, Nairobi. Naishi Ziwani na mama yangu na kaka yangu Kilonzo. Baba ni karani wa ghala Mombasa, na amekuwa huko miaka ishirini na sita, yaani tangu kabla sijazaliwa. Huja nyumbani Krismasi na wiki moja ya Aprili, na siku hizo hukaa kwenye kiti chake akasoma gazeti, na sisi tukapita kwa kunyata kama watu waliokuja kuazima kitu. Barua zake zilikuwa mistari mitatu. Nyinyi hamjambo, mimi sijambo, pesa anazo Munyoki. Munyoki ni mtu wa kwetu, dereva wa lori linaloshuka Mombasa na kupanda kila wiki.

Aprili mwaka huu, sijui nilipata wapi ujasiri, nilimwambia baba kwamba nimesoma kitabuni kuwa mtu anaweza kufuga samaki wa baharini ndani ya tangi la kioo, pamoja na mawe yao ya matumbawe, hata kama anakaa mbali na bahari, mradi ayajue maji yake. Alikunja gazeti, akafungua ukurasa mwingine. Lakini mwezi wa Mei Munyoki alipiga honi nje, akateremsha jerikeni nne, na barua ilisema: "Nimeyachota mwenyewe, bahari ilipojaa, mbali na meli. Yanatosha?"

Mama Khalayi, baba yangu hajawahi kuniuliza swali kwa barua. Nilikimbia hadi soko la Gikomba nikatengenezewa tangi lenye urefu wa mkono wangu, nikapata pampu ya hewa kuukuu kwa familia ya Kihindi iliyokuwa ikihama Pangani, na mwezi wa Juni yakaja mawe ya matumbawe yamefungwa kwa gunia bichi, yana konokono wadogo kama punje za mtama na viumbe vingine ambavyo sikuvijua majina. Kitabu kilisema ningoje wiki sita kabla ya kutia samaki, ili mawe yatulie na maji yajisafishe. Nilingoja siku tisa. Sikuweza zaidi. Nilimwandikia baba kwamba tangi liko tayari, na lori lilipopanda likaja na samaki wawili ndani ya mfuko wa nailoni, rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, mmoja mkubwa na mmoja mdogo.

Hapo barua zikafika kurasa mbili, kisha nne. Mdogo bado anamwogopa mkubwa? Wanalala wapi? Baridi ya Nairobi hawaisikii? Akaanza kunieleza na mambo yake, chumba anachokaa, jirani yake anayekoroma, jinsi alivyopotea siku ya kwanza alipofika Mombasa akiwa kijana akaona haya kuuliza njia. Mama hajui kusoma, mimi ndiye humsomea, na siku moja alisikiliza mpaka mwisho akasema, "Miaka ishirini na sita Baba Kilonzo hajauliza kama mimi nimelala. Leo anauliza kama samaki wamelala." Akacheka, lakini aliondoka akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Sasa nakiri kosa langu. Baridi ya Julai ilipozidi nilitundika balbu juu ya tangi ili maji yasipoe, na balbu ikawa inayakausha, kila asubuhi yamepungua upana wa kidole, na kila asubuhi mimi nikajazia maji kutoka kwenye jerikeni za baba. Maji ya bahari juu ya maji ya bahari. Kazi yangu, Mama Khalayi, ni kuosha vibakuli vya maabara ambamo wasichana wa kidato cha pili huchemsha maji ya chumvi mpaka yaishe na chumvi ibaki. Nimevisugua vibakuli hivyo miaka miwili kwa mikono yangu. Ukingo wa tangi ulikuwa na ukoko mweupe wa chumvi na mimi nikiufuta kwa kitambaa, na bado sikuona, au niliona nikakataa kuona, kwa sababu sikuweza kutia maji ya mfereji wa Ziwani ndani ya maji aliyoyachota baba. Niliona kama nitakuwa nimemharibia.

Wakaanza kuhema juu juu. Nikazidi kuingiza mkono, kuhamisha jiwe hili, kusogeza lile, mara ishirini kwa siku. Kilonzo akasema, "Siste, hao samaki hawaumwi, wamechoka kushikwashikwa. Hata mimi ningekufa." Mwishowe nilimwita jirani yetu Bi Shamsia, ambaye kwao ni Lamu. Alichovya kidole, akaonja, akatema dirishani.

"Mwanangu, hii ni bahari au ni achari?"

"Ni bahari, Bi Shamsia. Imetoka Mombasa."

"Imetoka bahari ikafika achari. Wewe hawa wawafuga au wawatia chumvi uwaanike?"

Mdogo alikufa usiku uleule na mkubwa siku ya pili, tarehe kumi na nane Agosti.

Nilikaa kumwandikia baba. Niliandika, "Baba mpendwa, samaki hawajambo." Nilikusudia mstari wa pili useme kweli, lakini mkono uliendelea. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiandika kila wiki, wanakula, wanacheza, mkubwa amempisha mdogo pangoni, na mwezi wa Septemba, nilipokosa la kusema, niliandika kwamba wametaga mayai. Baba alijibu kwa barua iliyofika siku tatu tu baadaye. Amewaambia makarani wote ghalani kwamba amepata wajukuu. Wanamwita Babu. Amewanunulia soda.

Anastaafu mwisho wa Novemba. Ameandika kwamba hataki shamba, hataki duka, kwanza anataka kukaa mbele ya tangi mwezi mzima bila kuulizwa kitu. "Waambie wajukuu nakuja."

Nimemwaga maji yote ya zamani, nimetia mapya, na leo ni siku ya kumi na moja. Munyoki anasema anaweza kunipatia samaki wawili wa namna ileile kabla baba hajapanda. "Dada, samaki ni samaki," aliniambia. "Kwani mzee atawaitisha kitambulisho?" Nilipomuuliza mama, alisema, "Mimi sitamwambia. Lakini akiniuliza, sitacheka."

Watu wanadhani naogopa hasira yake. Hasira nitaivumilia. Ninaogopa kwamba samaki wakiondoka tutarudi kwenye mistari mitatu, na sasa itakuwa mistari mitatu ya mtu aliyekaa palepale sebuleni, kila siku, mpaka mmoja wetu afe. Niwachukue samaki wa Munyoki? Nijibu haraka tafadhali, siwezi kulala wala kusoma ukurasa mmoja mpaka mwisho.

K., Ziwani

*

Binti K.,

Keti chini. Ndiyo, sasa hivi, ukiwa unasoma. Umeandika barua nzima umesimama, na ukiniuliza mimi, nusu ya taabu yako iko hapo.

Nakupa pole kwanza, kwa sababu naona umeibeba peke yako tangu Agosti, na mzigo wa namna hii hauonekani na jirani. Pole imekwisha. Sasa nisikilize.

Samaki wa Munyoki usiwachukue. Hata mmoja. Tangi lako halijafikisha wiki mbili na wewe mwenyewe umesoma wiki sita, kwa hiyo utamkaribisha mzee wako kwa mazishi. Na tuseme wakaishi, je? Ataketi mbele yao mwezi mzima akiwaambia maneno aliyokusudia wengine, na wewe utakuwa jikoni unamsikia. Halafu atauliza wale watoto wako wapi. Utaagiza na watoto?

Kuhusu maji, mimi si mtaalamu, lakini nimemuuliza Bwana Samatar wa Malindi, ambaye amefuga viumbe hawa miaka mingi. Alisikia habari ya jerikeni zako akacheka, si kwa ubaya. Anasema kila mtu anayeanza huwaua wa kwanza, na karibu wote huwaua kwa mikono, kwa kutojua kuacha. Chora mstari kwenye kioo mahali maji yalipo leo. Yakishuka, chumvi haijaenda popote, kilichoondoka ni maji matupu, basi rudisha maji matupu: maji ya mfereji wenu, yachemshwe, yapoe, yakae wazi siku nzima. Ndiyo, ya Ziwani. Balbu iinue juu kidogo. Wiki sita usitie mkono wala kiumbe kipya. Ukisikia vidole vinawasha, vipe sufuria visugue.

Hayo ni ya tangi. Sasa ya baba.

Wewe ni msomi na unajitazama sana ndani, na watu wa namna yako hudhani kila kitu kinachotokea nyumbani wamekifanya wao. Unadhani ni samaki waliomfanya baba yako aandike kurasa nne. Soma tena ulichoniandikia. Samaki hawakuuliza alipotea vipi siku ya kwanza Mombasa. Alikueleza kwa sababu kulikuwa na mtu upande wa pili aliyekuwa anajibu. Mtu huyo hakufa Agosti. Isipokuwa, na hapa nakukemea, tangu Agosti mtu huyo hajamwandikia. Baba yako anapokea barua za msichana wa kubuni mwenye samaki wa kubuni, na yeye anarudisha za kweli. Hiyo si haki, binti. Yeye amekupa jirani yake anayekoroma, wewe umempa mayai ya uongo.

Kwa hiyo utaandika. Utaandika leo, kabla posta haijafungwa, na mstari wa kwanza useme samaki wamekufa, tarehe kumi na nane Agosti, ili mkono wako usipate nafasi ya kukimbia. Kisha mweleze kwa nini: balbu, jerikeni, na ile sababu ya kukataa maji ya mfereji. Usiifiche hiyo kwa aibu. Baba aliyekuchotea maji kwa mkono wake anastahili kujua kwamba mtoto wake aliona vigumu kuyachanganya na mengine. Kisha mwambie hapakuwa na mayai.

Utasema ungojee afike, umwambie uso kwa uso. Hapana. Ukimngojea mlangoni, atakuwa ameshaagwa na wenzake kwa jina la Babu, ameshasafiri usiku kucha na furaha yake, na hatakuwa na pahali pa kuiweka hasira isipokuwa sebuleni kwenu mbele ya mama yako. Mpe wiki mbili akasirike akiwa kule, atembee ufukweni, amlalamikie yule anayekoroma. Atawaambia makarani apendavyo. Wakimcheka, atacheka nao au atanuna, ni mtu mzima, amefanya kazi ghalani miaka ishirini na sita.

Na mama yako. Umemtaja mara tatu na zote tatu ni kama shahidi tu kwenye kesi yako na baba. Mwanamke aliyeosha vyombo safi alikuwa anakwambia jambo. Ukisha kuiandika barua yako, muulize kama anayo ya kwake, uiandike vilevile anavyoisema, hata ikiwa kali. Hasa ikiwa kali. Tia zote mbili bahasha moja.

Akifika, tangi litakuwa na maji na mawe na wale konokono kama punje za mtama, kama bado wapo. Asipotaka kulitazama, usimvute. Akinyamaza siku ya kwanza na ya pili, usikimbilie kuujaza ukimya wake. Siku ya tatu muulize jambo moja, kwa mfano hiyo njia aliyoona haya kuiuliza alipokuwa kijana, halafu ufunge mdomo ungoje jibu.

Neno la mwisho. Majina nimeyageuza yote kama ilivyo desturi ya ukurasa huu, lakini sikuweza kugeuza samaki. Gazeti hili hufika Mombasa mchana wa siku ileile, na wanaume wote husema hawasomi ukurasa wangu, na wote huusoma. Hakuna makarani wawili katika mji ule walioitwa Babu mwaka huu kwa sababu ya mayai ya samaki. Ndiyo maana nakala ya jibu hili niliitia posta kwako siku kumi kabla ya kulichapisha, ndani ya ile bahasha yenye stempu uliyoniambatishia, na juu yake nikaandika kwa wino mwekundu tarehe ya leo, siku ambayo gazeti lingetoka.

Kama uliketi ukaandika, basi baba yako anaisoma habari hii akiwa anaijua, na pengine anamwonyesha mwenzake kwamba huyu ni binti yake. Kama hukuandika, weka gazeti chini. Posta ya Ziwani haiko mbali, na pale wana simu ya kupiga hadi Mombasa.

Mama Khalayi